Naomba ushauri: sigara mpya ya kielektroniki inanikereketa koo

Habari zenu wanakikundi. Niko hapa Kisumu, niliacha sigara za kawaida na sitaki kabisa kuzirudia. Majuzi nimenunua kifaa cha bei ya juu, cha betri 2 za kuchajiwa za aina ya 18650. Kimeundwa vizuri mno: kinashikika, skrini inasomeka hata juani.

Shida ni koo. Koili yake (waya unaopasha kimiminika joto kiwe mvuke) ni ya omu 0.15, yaani ya ukinzani mdogo unaotoa mvuke mwingi, nami bado natumia kimiminika cha kifaa changu kidogo cha zamani, chumvi ya nikotini (nikotini iliyolainishwa isikwaruze koo) ya miligramu 50 kwa mililita. Nikifika wati 60 nakohoa, kichwa kinazunguka. Nimeshusha hadi 40, ladha ikafifia.

Je, nishuke hadi miligramu 3, au 6 inatosha kuzuia hamu? Na betri za akiba nizibebeje salama kwenye matatu?