Mrejesho: Kujitolea nje ya nchi kama afisa ustawi wa jamii

Wakuu, niliuliza kama inafaa kulipa ada ili nikajitolee miezi miwili kwenye kituo cha watoto nje ya nchi. Wengi mlinikataza, nami nimeacha. Kilichonigusa ni hoja ya mmoja wenu: mtoto anayezoeshwa mgeni mpya kila baada ya wiki chache huumia kila anapoachwa. Na mimi ndiye niliyesomea hayo, aibu!

Nimejiunga na chama chetu cha kitaaluma, mwanachama wa IFSW, shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa ustawi wa jamii lililoanzishwa mwaka 1956. Kila mwezi tunajadili kesi mtandaoni na wenzetu wa nchi nyingine, bila kutaja majina ya wateja. Lugha bado inanitoa jasho. Jumanne ya tatu ya Machi, Siku ya Ustawi wa Jamii Duniani, zamu ya kuwasilisha ni yangu.