Tupeane uzoefu: Lebo za kutengeneza wenyewe, zisizofutika kwenye beseni

Fundi wa Mwanga, Kigoma
Habari za kazi mafundi. Nguo nyingi zinazoshonwa hapa Mwanga na Ujiji ni safi kabisa, ila shingoni hamna jina. Mvaaji akiulizwa kashonewa wapi, anabaki kuelekeza kwa mkono. Lebo za kufumwa kiwandani huagizwa kwa mamia, na fundi wa gauni kumi kwa mwezi haimfai. Leteni njia za kutengeneza wenyewe, pamoja na yanayoharibika. Kipimo kiwe kimoja: lebo idumu kama nguo yenyewe.

Mama Isevya, Tabora
Anza na muhuri wa mpira, ndiyo njia nafuu. Mwambie mchonga mihuri aweke herufi nene, za wima, zenye urefu usiopungua milimita 4. Herufi ndogo rangi inaziba matundu ya a na e, jina linageuka madoa. Wino wa pedi ya ofisini usiuguse, huo unatoka siku ya kwanza ya kufua. Tumia rangi ya maji ya kuchapia fulana. Wachapaji fulana wanayo, omba wakupimie kidogo.

Kitambaa kiwe marekani au pamba tupu, na kifuliwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Rangi inakaa juu ya wanga bila kuingia kwenye uzi, na wanga ukitoka unaondoka na jina lako.

Tandika gazeti lililokunjwa, kitambaa juu yake. Donoa rangi kwenye muhuri kwa kipande cha sponji, safu nyembamba; ukiona rangi imejaa mitaro kati ya herufi, ni nyingi mno. Bonyeza wima, usitikise, nyanyua wima. Acha ikauke siku nzima, na kipindi cha mvua siku mbili. Kisha pitisha pasi kavu dakika 3 hadi 5 juu ya kitambaa cha pamba. Joto ndilo linaloishikiza rangi. Muhuri uoshe hapo hapo kwa mswaki, rangi ikigandia humo haitoki tena.

Ujiji Cherehani
Nyongeza kwa wenye pasi ya mkaa: kung'uta majivu nje na ufute kitako kwa kitambaa kibichi kabla ya kugusa lebo. Chembe moja ya mkaa ikisagwa kwenye marekani nyeupe inaacha mstari mweusi usiotoka.

Fundi wa Mwanga, Kigoma
Asante dada. Na vipimo?

Kiloleni Mitindo, Tabora
Lebo ya kukunja, upana sentimita 4 na kimo sentimita 2 ikishakamilika: kata upana 5.5 na urefu 6. Kwenye upana, 0.75 inakunjwa kila upande ili marekani isichanike nyuzi. Kwenye urefu, 2 ni uso, 2 ni mgongo, na 1 kila ncha inaingia kwenye mshono. Kitambaa cha ukubwa wa karatasi ya A4 kikilazwa kinatoa lebo 15, tano kwa tatu.

Angalia jina linapokaa. Ukilichapa katikati ya zile sentimita 6, mkunjo utalipasua. Katikati ya jina iwe sentimita 2 kutoka ncha ya juu. Ukitaka saizi upande wa mgongo, ichapwe kichwa chini. Ukikunja inasimama sawa.

Stesheni ya Reli
Wanaotumia karatasi ya kuhamishia jina kwenye kitambaa kwa pasi, ulizeni kwanza printa ya dukani ni ya aina gani. Karatasi iliyotengenezwa kwa printa ya wino ikiingizwa kwenye ya leza inayeyuka ndani, na mashine ya mtu inaharibika. Jina ligeuzwe kama linavyoonekana kwenye kioo. Pasi iwe bila mvuke.

Ujiji Cherehani
Utepe wa satini unapendeza, ila mwingi ni poliesta. Jaribu pasi kwenye kipande kwanza: utepe ukisinyaa, subiri pasi ipoe. Ncha zikiunguzwa kwa mshumaa zinaacha ukingo mgumu kama mwiba. Usiuache ukingo huo wazi shingoni, hasa kwa nguo ya mtoto. Uzamishe wote kwenye mshono.

Mama Isevya, Tabora
Kabla ya kuchapa hamsini, chapa moja. Ishone kwenye kipande cha kitenge, kilaze kwenye maji ya sabuni usiku kucha, asubuhi kisugue kwa sabuni ya mche kama shati la shule, anika juani. Rudia mara tano. Jina likififia mara ya pili, ama wanga haukutoka ama pasi haikutosha.

Na kabla ya kuchonga muhuri, ulizia jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kama halijasajiliwa na mwingine kuwa alama ya biashara.

Fundi wa Mwanga, Kigoma
Nguo iliyokwisha kushonwa je? Nira (kipande cha mabegani) imeshafungwa.

Kiloleni Mitindo, Tabora
Shona pande mbili fupi tu, sindano namba 11, hatua ya mshono milimita 2.5. Uzi wa juu ufanane na lebo, wa bobini ufanane na nguo, nje hautaonekana. Usirudishe cherehani nyuma kwenye satini, itavuta nyuzi. Acha uzi mrefu, uvute upande wa chini, ufunge fundo kwa mkono.