Njiti wa wiki 34 ana manjano na wamesema ana maambukizi, hii hali huwa inaishaje?

Baba_Mpya
Wakuu habari zenu. Mke wangu kajifungua kabla ya muda, wiki 34, mtoto wa kiume kilo 1.7, alilia palepale ila wakampeleka moja kwa moja wodi ya watoto wachanga. Mwanzo walisema yuko sawa, juzi akaanza kuwa wa njano macho na ngozi wakamuweka kwenye taa ya bluu kafunikwa macho, sasa leo tunaambiwa kuna maambukizi kwenye damu, kawekewa dripu na anachomwa sindano. Maziwa anapewa kwa mpira wa puani. Bibi yake anasema manjano ni kawaida kwa watoto tumtoe tukamuanike jua la asubuhi nyumbani. Naombeni mliopitia mniambie, watoto wa hivi wanatoka salama? Na nimuulize nini dokta maana nikiingia mle zile mashine zinavyolia naishiwa maneno kabisa.

Kijana wa Bonde
Pole sana mkuu, Mungu amsimamie mtoto. Usimtoe hospitali.

nesi_wa_usiku
Hongera kwa mtoto baba na pole kwa presha. Nipo wodi kama hiyo miaka sasa, ngoja nieleze.

Bibi ana hoja, watoto wengi wanapata manjano siku ya pili au ya tatu na yanaondoka yenyewe. Ila huyo ni njiti, ini halijakomaa, na kiwango cha bilirubini (ile rangi ya njano iliyoko kwenye damu) ambacho mtoto wa miezi tisa anakivumilia yeye kinaweza kumdhuru. Ikipanda sana inaingia kwenye ubongo, ndo unakuta mtoto uhai kabaki nao lakini hasikii au ana utindio wa ubongo, na hapo hakuna dawa ya kurudisha. Ile taa inaibadilisha bilirubini itoke kwa mkojo na choo, ndo maana wanamuacha na nepi tu ili mwanga uguse ngozi sehemu kubwa. Jua halipimiki, njiti atapata baridi au ataungua na manjano yako palepale. Muulize dokta kipimo cha leo ni ngapi na cha jana kilikuwa ngapi, kinapanda au kinashuka. Muulize pia grupu la damu la mama na la mtoto, kama mama ni O au ni negativu na mtoto yuko tofauti, manjano yanaweza kuja mapema na kwa kasi. Na nguo za mtoto kama zilikaa kabatini na naftalini msimvalishe, kuna watoto wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, harufu ile tu inavunja damu yao na manjano yanapanda upya.

Kuhusu maambukizi, njiti mara nyingi hana homa, yeye anapoa, analegea, anaacha kunyonya, saa nyingine anasahau kupumua kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo dokta hasubiri majibu ya kuotesha damu kutafuta vijidudu maana yanachukua siku, anaanza antibiotiki za ampisilini na jentamisini kwanza. Kuanzishiwa mapema ni jambo zuri, usilichukulie kama wamemkatia tamaa.

Mdau wa Takwimu
Niongezee hapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 hapa Tanzania ulionyesha katika watoto 1000 wanaozaliwa hai, 24 wanafariki kabla ya kufikisha mwezi. Wengi wanaondoka kwa mambo matatu, kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Wako alilia palepale, hiyo ni dalili njema kwenye hilo la hewa. Halafu ulizia kangaruu mapema, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yalitoka majibu ya utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, uzito wa mwanao kabisa, waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu kwa robo kuliko waliosubirishwa kwanza hali itulie. Mwaka 2022 WHO, Shirika la Afya Duniani, wakabadilisha mwongozo wao kufuata hilo.

MamaMapacha
Kangaruu ndo iliyotulelea wangu jamani. Unavua blauzi, mtoto anakaa wima katikati ya maziwa, kichwa kimegeukia upande, kofia na soksi na nepi basi, unafungwa kitenge kwa nguvu mpaka unasikia anavyopumua kwenye ngozi yako. Na baba anabeba pia, mwambie nesi akufunge mama akapumzike. Huyo mkeo asiache kukamua, usiku na mchana kila baada ya masaa mawili matatu, hata zikitoka tone mbili zile za njano za mwanzo azipeleke, asiseme hayatoshi. Mikono anawe kila akiingia mle. Wageni wasubiri nyumbani, mama mkwe umuelekeze kwa upole tu naye ana hofu.

Baba_Mpya
Asanteni sana, nimeuliza kama mlivyosema, bilirubini imeshuka toka jana na taa wanamuondolea wakaone kama itarudi. Sindano zinaendelea. Nimembeba kifuani leo. Tukiruhusiwa niangalie nini nyumbani?

nesi_wa_usiku
Alhamdulillah. Akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia (hesabu dakika nzima, njiti anapumua kwa mafungu), kifua kikibonyea ndani, degedege, joto kuzidi 37.5 au kushuka chini ya 35.5, au manjano yakifika viganjani na kwenye nyayo, mrudisheni saa hiyohiyo hata usiku. Kitovu msipake kitu chochote cha kienyeji, na wekundu ukienea kwenye ngozi ya tumbo ni hospitali. Tarehe ya kliniki ya njiti msiikose, na siku hiyo waombeni wampime masikio.

MamaMapacha
Na kangaruu muendelee nyumbani mpaka afike kilo mbili na nusu, atakataa mwenyewe, ataanza kurusha miguu atoke.