Naenda Kisangani mara ya kwanza, naomba muongozo kuhusu mji na mto

Mwana_Ujiji

Habari zenu wakuu. Mwezi wa kwanza naenda Kisangani kikazi, mambo ya misitu, kuna wenzetu pale chuo kikuu tunashirikiana nao. Mi mtu wa Kigoma, Wakongo nimekua nao, ila huko ndani kwenye msitu mkubwa sijawahi kufika na kila ninayemuuliza hapa anaijua Uvira, Bukavu au Lubumbashi, Kisangani anaisikia tu redioni. Mwenye kuufahamu mji anielekeze, nafikaje, nakaa upande gani, nakula nini, kipi nisiondoke bila kukiona. Halafu kuna hii safari ya mtoni mpaka Kinshasa, nna hamu nayo kweli, inawezekana nikarudi kwa njia hiyo?

Babu wa Mizigo

Mkuu karibu, mji huo nimekaa miaka mingi nikifanya biashara na naupenda mpaka leo. Kwanza njia, usiwaze kupitia Goma, tangu waasi wa M23 waichukue Januari 2025 uwanja wa ndege pale ulifungwa. Unga ndege Nairobi au Addis mpaka Kinshasa, halafu uchukue ya ndani ushuke uwanja wa Bangboka, nje kidogo ya mji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, wataiulizia. Ya barabara kutokea Beni kupitia Mambasa na Niania achana nayo, mvua zikikolea malori yanalala kwenye tope siku na siku na usalama wa kule si wa kubahatisha.

Ukishafika, tafuta chumba Makiso, ndo katikati, maofisi, soko kuu, kanisa kuu la Katoliki lile la kando ya maji, vyote viko hapo. Mangobo, Tshopo na Kabondo ndo kwa watu wengi zaidi. Lubunga iko ng'ambo, na elewa kwamba mto Kongo pale hauna daraja, unavuka kwa mtumbwi au kivuko kikiwepo. Tangu 2023 kule Lubunga kumekuwa na ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, watu wamekimbia makwao, kwahiyo kabla hujavuka ulizia wenyeji hali ikoje siku hiyo.

Usafiri wa mjini ni pikipiki, na zamani zaidi zilikuwa baiskeli, toleka wanaziita, bado utaziona na mto wake laini nyuma kwenye keria, mpande mara moja maana wale vijana waliubeba mji huu miaka ya vita gari zilipokuwa hakuna mafuta. Hela ni dola na faranga za Kongo. Dola ikiwa na kachaniko hata kadogo wanakurudishia, kwahiyo benki omba noti safi. Saa yako irudishe nyuma saa moja. Na kamera usiitoe ovyo uwanjani, bandarini au kwenye daraja la mto Tshopo.

Mama Boyoma

Karibu kwetu kaka yangu. Niko mutoto wa Kisangani, nimezaliwa Mangobo, sasa niko Bujumbura lakini wazazi wako kule. Kiswahili chako watu watakisikia vizuri, utajibiwa Kiswahili changanya na Lingala, na ofisini ni Kifaransa.

Kitu cha kwanza uende Wagenia, ni karibu na mji, pikipiki inakufikisha. Pale ndipo maporomoko ya mwisho kati ya yale saba ya Boyoma, yanaanzia kule Ubundu yanashuka zaidi ya kilomita mia moja mpaka kwetu, na wavuvi wamesimamisha miti mikubwa katikati ya maji yanayokimbia, wameifunga kwa kamba za porini, halafu wananing'iniza vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana, samaki akisukumwa na maji anaingia hatoki. Kila familia ina sehemu yake, mtoto anairithi kwa baba. Ukifika usianze kupiga picha, muone kwanza mkubwa wa pale, umsalimie, mpatane mchango, ndiyo upelekwe na mtumbwi. Nimeona wageni wanafika na haraka zao, picha tano wanaondoka, inaniuma sana. Kaa ungoje wakienda kukagua mitego, uone mwanaume anavyopanda ule mti umelowa na chini yake maji yananguruma, hapo utajua ni watu wa namna gani.

Chakula usiondoke bila kula lituma, ni ndizi inachemshwa na kupondwa mpaka inashikana, wanaikula na samaki wa liboke, yule anayefungwa kwenye majani akapikwa juu ya makaa. Pondu iko kila mahali (ninyi mnasema kisamvu). Mvua usiiogope, kwetu hakuna kiangazi cha kweli, ila Januari inapungua kidogo.

Jambo lingine naliomba. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, makombora yakaanguka juu ya nyumba zetu, mamia ya raia wakafa. Mahakama ya The Hague mwaka 2022 ikaamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa ile vita yote, lakini watu bado wana majeraha. Mtu akikusimulia, sikiliza. Usiwe wewe wa kuanza kuuliza.

Forodhani

Naongezea kidogo, huo mji una historia na sisi huku Zanzibar na tusiifiche. Tippu Tip ndo aliwekwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji kuwa wali wa Stanley Falls 1887, ambako ndo Kisangani ya leo, na misafara ya pembe na watumwa ndo iliyofikisha Kiswahili pale. Ukisema unatoka pwani wazee wanaweza kukukumbusha, pokea kwa heshima.

Mwana_Ujiji

Asanteni sana, Mama Boyoma nimekuelewa kabisa. Sasa vipi kuhusu mto? Na Yangambi naweza kufika?

Babu wa Mizigo

Mto nitakwambia ukweli. Kutoka Kisangani kwenda chini mpaka Kinshasa maji yanapitika bila maporomoko, kama kilomita 1,700 hivi, unapita Isangi, Bumba, Lisala, Mbandaka. Lakini usafiri wenyewe ni matishari yanayosukumwa, watu wanapika, wanalala na kufanya biashara juu ya mizigo, na yale maboti ya mbao wanayaita balenia, yanajazwa kupita kiasi, mengine yanatembea usiku bila taa, na kila mwaka yanazama na watu. Tishari linaweza kukaa wiki kadhaa njiani, likikwama kwenye mchanga mnangoja. Mtu mwenye tarehe ya kurudi kazini hiyo safari haimfai, rudi na ndege.

Hamu yako imalizie Yangambi, ni kama kilomita 100 tu upande wa magharibi, na mtu wa misitu kufika Kisangani bila kwenda pale mi siwezi kukubali. Kile kituo cha utafiti Wabelgiji walikianzisha miaka ya 1930, hifadhi ya mimea iliyokaushwa ipo, na tangu 2020 kuna mnara wa mita 55 unaopima kaboni msitu unayovuta na kuitoa, ndo wa kwanza wa aina hiyo bonde lote la Kongo. Wenzako wa chuo wakuombee kibali mapema, mambo ya barua yanachukua muda. Barabara ikinyesha ni mbaya, kwahiyo nenda na boti ya injini, ondokeni alfajiri mfike mchana, angalia mwenyewe idadi ya watu kabla hujapanda, na koti la kujiokolea nunua hukohuko Kigoma uje nalo.