Asubuhi ya kiangazi hifadhini: nifike saa ngapi, na darubini ipi?

MgeniPorini
Wakuu, salaam. Wikiendi hii kuna mpango wa kutembea kwa miguu kwenye hifadhi ndogo yenye bwawa, vichaka na nyasi ndefu. Ni kiangazi, ikifika saa nne jua linachoma na viumbe vyote vimejificha. Kufika mapema ni mapema kiasi gani? Darubini nichukue 8x42 au 10x42? Halafu hili linanisumbua: ndege namwona kwa macho, nikiinua darubini naona majani tu.

JichoLaKipanga
Uwe umeshakaa mahali pako nusu saa kabla jua halijachomoza. Kufika getini muda huo ni kuchelewa. Ndege huimba zaidi mwanga unapoanza kupenya, na wanyama wa usiku bado wako njiani kurudi mafichoni. Anza na bwawa, ukingo ambao jua litakuwa mgongoni mwako. Ukiwa upande wa pili kila ndege utamwona kama kivuli cheusi, rangi hakuna.

Kaa kimya dakika 20 bila kuhamahama. Watu wengi huondoka baada ya dakika tano, yaani pale pale viumbe vinapoanza kusahau kwamba kuna mtu.

Darubini: 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 unapata 5.25, huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni. Kwa 10x42 ni 4.2 tu, na alfajiri tofauti hiyo inaonekana. Isitoshe, ukuzaji wa 10 hukuza pia mtetemo wa mikono, na kwa kawaida eneo linaloonekana ni finyu zaidi. Ndiyo sababu mojawapo ya kuona majani tu.

Sababu nyingine ni kushusha macho kutafuta darubini. Usimwondolee ndege macho. Mkazie, kisha leta darubini usoni kichwa kikiwa pale pale. Kabla ya hapo weka alama akilini: tawi lililovunjika, uma wa mti, chochote kilicho karibu naye.

Kerengende
Naongeza marekebisho, maana wengi hulaumu lenzi bure. Kunja au kunjua darubini mpaka uone duara moja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia, tazama kibao cha mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi yakae sawa. Sasa ziba ya kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye kipande cha jicho la kulia (darubini nyingi huwa nayo upande huo). Basi, pete hiyo usiiguse tena. Ukitazama kitu kingine tumia gurudumu peke yake.

Ukiitoa kwenye gari lenye kiyoyozi itaingia ukungu. Iache ndani ya mkoba uliofungwa, nje, robo saa. Vumbi lipulize kwanza ndipo ufute, la sivyo unakwaruza kioo.

Na usiwadharau wadudu! Kerengende na vipepeo wakiwa bado wamelowa umande hawawezi kuruka mpaka misuli ya mabawa ipate joto. Saa hiyo wanatazamika kwa karibu kabisa, wametulia kwenye mashina ya nyasi.

MfuataNyayo
Hamjataja upepo. Rusha vumbi kidogo hewani uone linaelekea wapi; wewe nenda lilikotoka. Mnyama akikunusa, nguo yako ya rangi ya majani haikusaidii kitu. Kuhusu nguo, afadhali ya pamba isiyochakacha kuliko ile ya bei kubwa yenye mabaka.

Kwa nyayo, kanuni ya jua inageuka: unyayo uwe kati yako na jua, ili vivuli vionyeshe kingo. Kucha zikionekana, mara nyingi ni jamii ya mbwa. Paka huzificha (duma ndiye anayeharibu kanuni). Na tazama nyasi zenye umande: mstari wa kijani kibichi katikati ya weupe maana yake kuna kilichopita baada ya umande kutua.

MgeniPorini
Asanteni sana. Navaa miwani, je? Na kuchezesha sauti za ndege kwa simu ili wasogee?

JichoLaKipanga
Ukivaa miwani, shusha vile vikombe vya mpira vya macho. Bila miwani, vipandishe. Sauti za simu hapana, hasa msimu wa kutaga: dume huacha kazi yake kuja kumfukuza mpinzani ambaye hayupo.

MfuataNyayo
Suruali ndani ya soksi, kupe wapo. Na saa nne usikimbilie nyumbani: ardhi ikishapata joto hewa hupanda, tai nao huanza kuelea. Inua macho.