Tupeane uzoefu: uliingiaje chuo na pointi chache za S.6 (kidato cha sita)?

MamaRayan (Bombo)
Wadau, asalaam aleikum, na wengine habari za leo. Matokeo ya UACE, mtihani wa kumaliza S.6 hapa Uganda, yametoka. Mpwa wangu, ambaye nimemlea mwenyewe, alituma namba yake ya mtihani kwenda 6600, meseji ikarudi, akaisoma, akanikabidhi simu bila neno na kwenda kujilaza. Kombinesheni ya HEG: Historia D, Jiografia E, Uchumi O. General Paper kapita, ICT kapita. Pointi 8.

Tangu juzi kila anayeingia uani ana ushauri. Mmoja anasema arudie S.6, mwingine anasema aende Kikuubo, sokoni Kampala, akauze simu, shemeji anasema jeshini, maana baba yake alikuwa huko. Sitaki pole. Nataka waliowahi kukaa kwenye kiti hiki watuambie walipita mlango gani na uliwachukua muda gani. Na tafadhali msiniandikie "Mungu atafungua njia". Hilo najua. Nataka kujua njia yenyewe iko ofisi gani.

FundiUmeme (Arua)
Dada, mpwa wako ana afadhali kuliko mimi. Mimi nilisoma PCM nikatoka na Fizikia E, Hesabu O, Kemia F. Prinsipali moja tu, yaani somo kuu lenye A hadi E; O huhesabiwa sabsidiari. Digrii ya moja kwa moja inataka prinsipali mbili, na ukikosa hiyo ya pili hata chuo cha kujilipia hakikuangalii. Ila prinsipali moja na sabsidiari mbili inatosha kuingia diploma, na hilo pale shuleni kwetu hakuna mwalimu aliyetuambia. Walikuwa wanatuhubiria Makerere, Makerere, kama nchi nzima ina geti moja.

Nikaomba Uganda Technical College Lira, diploma ya umeme. Miaka miwili. Mwanzoni niliona haya. Wenzangu walikuwa wanatuma picha za Freedom Square pale Makerere, mimi mikono inanuka grisi. Zoezi letu la kwanza la karakana tulipewa ubao wa plaiwudi, taa moja na swichi mbili: taa iwake na izimike kutoka chini ya ngazi na kutoka juu. Kulikuwa na jamaa mle aliyekuja na pointi nyingi kuliko darasa zima, alikosa ada ya chuo kikuu akaishia kwetu. Akaunganisha waya, akawasha, fyuzi ikaruka paa! Yangu ikawaka. Tangu siku ile sikuhesabu tena pointi za mtu.

Baada ya diploma nilifanya kazi kwa kontrakta wa sola hapa West Nile, nikaweka akiba, kisha nikaomba digrii Kyambogo kwa mlango wa wenye diploma. Waliitaka ile karatasi ya UACE pia. Niliitoa roho ikidunda. Karani akaibana nyuma ya faili, akaendelea kusoma matokeo ya diploma. Basi.

Mambo mawili, dada. Diploma yenyewe isiwe ya kupita tu. Ukitoka na daraja la chini kabisa, mlango wa digrii unajifunga tena, kwa hiyo mtoto asiende huko kupumzika. La pili, udhaifu haufutiki kwa sababu umezunguka. Hesabu zilizonishinda S.6 nilizikuta zinanisubiri mwaka wa kwanza, zimenenepa. Nililipa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anifundishe usiku.

Mwl_Hesabu (Jinja)
Mama Rayan, shikamoo. Watu wengi wanajumlisha pointi kisha wanakata tamaa, au wanajumlisha kisha wanajivuna, na vyuo vya umma havihesabu hivyo. A ni 6, B 5, C 4, D 3, E 2, O 1. Halafu kila kozi ina masomo yake ya lazima, ambayo pointi zake huzidishwa kwa 3, somo linalohusiana huzidishwa kwa 2, na la ziada kama General Paper kwa 1.

Chukua vijana wawili wa PCM wanaoomba uhandisi, ambako Hesabu na Fizikia ndiyo ya lazima. Wa kwanza ana Hesabu B, Fizikia C, Kemia E. Wa pili ana Hesabu E, Fizikia C, Kemia B. Nyumbani wote wana pointi 11 za masomo makuu na wazazi wamechinja kuku. Chuoni wa kwanza ana 15 na 12 na 4, jumla 31. Wa pili ana 6 na 12 na 10, jumla 28. Pointi tatu hizo zinatosha kumwacha mtu nje ya orodha. Huyo wa pili angeomba kozi ambayo Kemia ni ya lazima, hadithi ingegeuka.

UCE, mtihani wa S.4, nayo inaingia kidogo. Kwa mtaala wa zamani kila distinkshoni ilikuwa 0.3, krediti 0.2, pasi 0.1. Na wasichana tangu 1990 wanaongezewa 1.5 kwenye vyuo vya umma, jambo ambalo wavulana hulilalamikia kila mwaka bila kuuliza kwa nini lilianzishwa.

Kwa mpwa wako: akipata kozi inayochukua masomo yake mawili bora kuwa ya lazima, ana 9 na 6 na 2, na moja moja za General Paper na ICT, jumla 19 kabla ya UCE. Udhamini wa serikali asahau. Kozi zinazogombaniwa kama udaktari au sheria hapo Makerere, asahau pia. Ila prinsipali mbili anazo, kwa hiyo kisheria ni mtu wa digrii. Aombe kozi zisizo na foleni, kwa kujilipia, na asing'ang'anie Kampala. Kuna Gulu, Busitema, Muni, Kabale, Soroti.

BintiMbale
Mimi nilirudia. Nilikuwa na prinsipali moja, nikajisajili kama praiveti, yaani mtahiniwa binafsi, nikidhani nitaongeza moja nyingine niziunganishe. Haiunganishwi! Prinsipali mbili lazima zitoke kwenye mtihani wa mwaka mmoja. Bahati nzuri msajili wa senta ya mtihani alinishtua mapema, nikafanya masomo yote upya. Nilipata mbili, sasa niko IUIU, chuo kikuu cha Kiislamu, hapa hapa Mbale. Lakini mwaka wa kurudia ni mrefu, banange. Wadogo zako wanakupita mlangoni na yunifomu.

Furaha_Nakivale
Jambo kwenu. Mie natoka Bukavu, Kongo, nilimaliza sekondari kule, nina Diplôme d'État ya asilimia 52. Hapa Uganda watu wakisikia 52 wanakunja uso, wanadhani ni aibu. Kwetu kupita ni 50, na walimu wetu hawagawi alama bure.

Kitu kilichonichelewesha kilikuwa kuzunguka ofisi. Nilienda NCHE, baraza la elimu ya juu, pale Kyambogo kwanza, kumbe wao husawazisha vyeti vya chuo. Vyeti vya sekondari vinasawazishwa na UNEB, baraza la mitihani, pale Ntinda. Nikapanda boda tena. Wanataka cheti halisi na tafsiri ya Kiingereza, usiende na kopi ya simu. Sasa nasoma diploma ya maendeleo ya jamii. Kwa wakimbizi wenzangu: udhamini wa DAFI wa UNHCR, shirika la wakimbizi, upo kwa digrii, ila ushindani wake ni mkali, na hapo alama zinahesabiwa kwelikweli.

AskariMstaafu
Mlango wa watu wazima hamjautaja. Makerere ukishafika miaka 25 unaweza kufanya mtihani wao wa kuingilia, ule wa watu wazima, ukipita unaomba digrii. Mimi UACE yangu ilikuwa mbovu, nikaenda kambini, nikarudi kwenye vitabu nikiwa na mvi. Maswali ya kufikiri, lugha, mahesabu ya kawaida, mambo ya dunia. Soma magazeti. Mpwa bado mdogo kwa njia hii, asiketi kuingoja.

JinaNimelificha
Naomba nionye. Mimi nilikuwa na pointi chache, chuo kimoja binafsi kikanipokea haraka sana, barua ya udahili niliipata siku ileile niliyolipa. Nilifurahi mno. Hakuna aliyeniuliza hata kombinesheni. Mwaka wa mwisho ndipo minong'ono ikaanza kwamba kozi yetu muda wa idhini yake umeisha na haujahuishwa. Mahafali yakasogezwa, tukaandamana, tukaambiwa tuwe na subira. Cheti nilikuja kukipata, lakini ajira niliyokuwa nimeahidiwa ilishachukuliwa na mtu mwingine.

Mwenye alama dhaifu ndiye huliwa kirahisi, kwa sababu anaogopa kuuliza maswali akidhani watamfukuza. Uliza! NCHE wana orodha ya vyuo na kozi zilizoidhinishwa. Tafuta jina la kozi yenyewe mle, na uangalie tarehe ya kuisha. Jina la chuo peke yake halitoshi.

Sudi_Kla
Kidogo kuhusu nje. Dada yangu alifanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, hapa Kampala, alama hazikupendeza. Vyuo vingi vya Marekani tangu 2020 vilisema kutuma SAT ni hiari, na vile vya University of California haviitazami kabisa. Lakini vingine vimerudi nyuma, MIT waliirudisha 2022. Hiari haina maana kwamba wanakusamehe, wanahamishia macho kwenye ripoti za shule na insha. Na kikwazo kikubwa kwetu ni pesa. Alipokelewa, msaada wa ada ukawa mdogo, sasa yuko chuo kikuu cha Nkozi, hapa hapa Uganda.

MamaRayan (Bombo)
Nimesoma yote, mengine nimemsomea kwa sauti mlangoni kwake. Ya fyuzi ilimtoa chumbani. Anasema hataki kurudia, na mimi baada ya kusikia kwa BintiMbale kwamba ni masomo yote upya, sina nguvu ya kumsukuma.

Mwalimu, swali. Amekuwa akinisaidia hesabu za duka tangu S.3, na ukweli anazifanya vizuri kunishinda. Nikimpeleka diploma ya biashara, hizo prinsipali mbili zinapotea bure?

Mwl_Hesabu (Jinja)
Hazipotei. Cheti hakiozi. Akitaka digrii baadaye anaweza kutumia diploma, na kuna vyuo vinavyomwanzisha mwaka wa pili, vingine wa kwanza. Aulize kabla hajalipa. Ila Uchumi kapata O, kwa hiyo digrii za biashara za vyuo vikubwa zingemwangusha kwenye lile somo la kuzidisha kwa 3. Diploma ya uhasibu inamkwepesha hapo. Angalia Uganda College of Commerce, ziko Tororo, Soroti, Aduku, Pakwach na Kabale.

FundiUmeme (Arua)
Na aulize nafasi za udhamini wa serikali kwenye hivyo vyuo vya diploma, dada. Watu wote wanazikimbilia za chuo kikuu, hizi wanazisahau. Mimi sikulipa ada Lira, nililipa godoro na chakula tu.

MamaRayan (Bombo)
Tororo kuna shangazi yake. Fomu zinatoka lini, na zinachukuliwa chuoni au mtandaoni?

BintiMbale
Kesho napita Tororo kwa kazi. Nitaingia pale ofisini niulize, jioni nakuandikia hapa.