Hondohondo huyu wa Amani ni yupi?

Swali: Ndugu zangu, nilimpiga picha ndege huyu huko Amani, Tanga, akipita bondeni chini ya niliposimama, lakini ukungu umeiharibu. Ana kitu kama pembe juu ya mdomo.

Jibu: Asante kwa picha. Rangi ya mdomo haiaminiki katika ukungu, kwa hiyo tazama ukingo wa nyuma wa bawa: ukiwa mweupe, huyo ni hondohondo aitwaye kisayansi Bycanistes bucinator; bawa likiwa jeusi lote na mgongo wa chini mweupe, ni Bycanistes brevis, ambaye ni mkubwa zaidi.

Muulizaji: Nimeikuza. Mabawa ni meusi tupu, na weupe upo mgongoni.

Jibu lingine: Basi ni brevis, bila shaka. Tafadhali sikiliza pia mlio, ndugu, ili kuwatofautisha. Bucinator hulia kama mtoto mchanga.